TAHADHARI: "Zafarani ya Zanzibar", mpingo wa rangi ya viatu na michezo mingine ya Mji Mkongwe

Wanaokuja Unguja msimu huu, someni kabla hamjatoa pesa. Wauzaji wengi wa Mji Mkongwe na Darajani ni watu safi. Tatizo ni kundi dogo linalowinda wageni, wawe Wazungu au watu wa bara, na mchezo wao mkubwa hauko kwenye bei, uko kwenye jina la bidhaa. Unauziwa kitu halisi kwa jina la kitu kingine, kwa hiyo hata ukipatana vizuri umeshapigwa.

Ya kwanza ni zafarani. Zafarani hailimwi Zanzibar. Sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani inatoka Iran. Kila ua hutoa nyuzi tatu tu, zinachumwa kwa mkono, na gramu moja inahitaji maua kama 150. Sasa mtu akikupa pakiti iliyojaa kwa bei ya soda mbili na kukwambia imetoka shambani kwake, jibu unalo. Kilichomo kwa kawaida ni petali za kartamu, ua la ukoo wa alizeti. Halidhuru, lina rangi, ila harufu na ladha ya zafarani halina. Ile "zafarani ya unga" mara nyingi ni manjano ya kawaida.

Jinsi ya kupima: omba nyuzi tatu nne, weka kwenye maji baridi na usubiri. Zafarani ya kweli inatoa rangi ya dhahabu polepole, dakika 10 hadi 15, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Iliyotiwa rangi inamwaga wekundu papo hapo na uzi unapauka. Tazama pia umbo: uzi wa kweli umepanuka ncha moja kama tarumbeta. Ukiutafuna ni mchungu kidogo. Ukiwa mtamu, umepakwa kitu. Muuzaji akikataa kukupa nyuzi tatu za kupima, achana naye.

Kwenye viungo vingine, kanuni ni kununua vizima. Unga wa mdalasini au wa kungumanga huwezi kujua umechanganywa na nini. Karafuu itupe kwenye glasi ya maji: nzuri inazama au inasimama wima kichwa juu, ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta inalala ikielea. Ibonye kwa ukucha, mafuta yaonekane. Angalia chini ya pakiti pia, maana hapo ndipo makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanapofichwa. Vanila iwe laini, inapindika kidoleni bila kuvunjika. Kikavu kama kijiti huenda kimeshatumika.

Vinyago ndiko pesa nyingi inakopotelea. Utaambiwa "mpingo halisi, kachonga babu hapahapa kijijini". Vinyago vingi vinavyouzwa Unguja vimechongwa bara, na hilo si kosa. Kosa ni mti mweupe, mwepesi, uliopakwa rangi ya viatu ukauzwa kwa bei ya mpingo. Wengine wanatumia mti mbichi ili uwe mzito mkononi. Ukifika nyumbani ukakauka, unapasuka kuanzia kwenye kitako hadi kifuani.

Usihukumu kwa kufuta na kitambaa pekee, kwa sababu hata mpingo wa kweli hung'arishwa na unaweza kuacha weusi kidogo. Geuza kinyago, nenda kwenye kitako au ndani ya tundu, kwaruza kidogo kwa ncha ya ufunguo (omba ruhusa kwanza, si ustaarabu kuharibu mali ya mtu). Mpingo chini ya ngozi ni uleule, mweusi wa kuelekea zambarau. Ukiona rangi ya maziwa, hiyo ni rangi ya kupaka. Mpingo unazama majini, kwa hiyo kitu kidogo kama kishikizo cha funguo kitumbukize kwenye kikombe: kikielea, siyo. Kumbuka pia kwamba mpingo ni mti mwembamba uliopindapinda. Kinyago kipana, cheusi tii kila upande, tena rahisi, kitilie shaka kwanza. Chenye mstari wa njano iliyopauka pembeni kinaweza kuwa ndicho cha kweli, kwani huo ndio mti wa nje wa mpingo.

Kanga: inauzwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana. Mchezo ni kuikata mapema na kukuuzia upande mmoja kwa bei ya doti. Ifungue yote, hesabu majina mawili, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kila kipande. Ukitaka kujua kama ni pamba, choma uzi mmoja: pamba inaacha jivu laini na harufu ya karatasi, nailoni na wenzake huyeyuka kuwa kidonge kigumu.

Tanzanaiti usinunue barabarani kabisa. Inachimbwa Mirerani tu, mkoani Manyara. Ukiigeuza inabadilika kati ya buluu na zambarau, kioo hakibadiliki. Lakini yapo mawe mengine yanayobadilika vilevile, kwa hiyo jicho halitoshi. Duka lenye leseni, cheti cha jiwe na risiti ya kielektroniki, au acha.

Magamba ya kasa ng'amba, yawe bangili au kitana, hata ukipewa bure usichukue. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na anayekamatwa nayo uwanja wa ndege ni wewe, siyo aliyekuuzia.

Sasa papasi, yule kijana wa mtaani anayejifanya kiongozi wa wageni. Akikupeleka dukani, kamisheni yake inaingizwa kwenye bei yako. Ingia mwenyewe. Bei itajwe kwa shilingi tangu mwanzo, kwa sauti, maana "ishirini" hugeuka dola wakati wa kulipa. Mchoro wa mtindo wa Tingatinga au kinyago ulichochagua kifungwe mbele ya macho yako, kisipelekwe "nyuma kutafuta gazeti", kwani huko ndiko kinakobadilishwa.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa si la duka wala la mwenye duka, simamisha. Wakidai hela haijaingia, usitume tena. Waonyeshe ujumbe wa muamala. Na ukigundua umetuma kwa asiyehusika, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako palepale uombe muamala uzuiwe, kwa sababu akishatoa kwa wakala hakuna cha kurudisha.