Kutoka milimani hadi lami: baiskeli ya kwanza ya barabarani, nilivyozipanga mimi

Aliyezoea baiskeli ya milimani akipanda ya barabarani kwa mara ya kwanza hushtuka mara mbili. Kwanza hushangaa jinsi inavyochomoka: anakanyaga kidogo tu, nayo imeshafika mbali. Baada ya nusu saa linakuja la pili. Kila ufa wa lami anaupata viganjani, shingo imeanza kukaza, na usukani ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya anahama njia. Dukani unajaribu kwa dakika tano, kwa hiyo unanunua ule mshtuko wa kwanza na wa pili unakungoja nyumbani.

Yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa ya mashindano, nyeusi, tairi za milimita 25, usukani umelala chini kabisa. Miezi miwili haikuisha ikawa inaning'inia ukutani, nami nimerudi zangu porini. Mpangilio huu wa aina tano, kuanzia ninayoipendekeza zaidi, umetokana na kosa hilo.

Usianze na uzito. Kilo 6.8 ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwenye mashindano ya UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, na wauzaji hupenda kukutajia umbali uliopo kati ya baiskeli yao na namba hiyo. Wewe unayetoka kwenye chuma cha kilo 13 au 14, kilo moja huku au kule hutaisikia. Uliza mambo mawili: tairi pana kuliko zote inayoingia kwenye fremu ni ya milimita ngapi, na gia nyepesi kuliko zote ni ipi.

Kuhusu tairi, sababu ni hii: baiskeli hii haina shokapu, kwa hiyo shokapu lako ni upepo ulio ndani ya tairi. Kule milimani tairi ya inchi 2.3 unaijaza paundi 25 hivi. Ya milimita 25 inataka 80 au zaidi, na hapo inakuwa kama mti. Ya milimita 32 inatosheka na 55 hadi 60 kwa mtu wa uzito wa kati. Wala usiogope kwamba tairi pana itakuchelewesha. Hata wanaoshindana wameshaiacha ile ya 23 wakahamia 28 na kuendelea.

Gia nazo zina hesabu yake. Baiskeli nyingi za milimani za sasa zina meno 32 mbele na 51 nyuma: ukizungusha pedali mara moja, gurudumu halifiki hata theluthi mbili za mzunguko. Ya mashindano yenye 36 mbele na 30 nyuma hulizungusha mara 1.2. Mlima ni uleule, lakini gia ni nzito karibu mara mbili. Tafuta 34 kwa 34, na ukipata nyepesi zaidi chukua.

1. Ya safari ndefu, fremu ya alumini, breki za diski za mafuta

Hii ndiyo ningemnunulia ndugu yangu. Fremu yake imeinuliwa mbele, kwa hiyo hujikunji kama unatafuta sarafu iliyodondoka. Giant Contend AR inapokea tairi hadi milimita 38, na Specialized Allez ya miaka hii inafika 35. Alumini inakuachia pesa za kuweka kwenye breki, na breki ndipo mtu wa milimani asipopaswa kubana matumizi. Umezoea kusimama kwa kidole kimoja. Ukirudi kwenye diski za waya utahisi unakamua jiwe. Angalia vizuri, maana matoleo ya bei ya chini huja na waya hata kama diski inaonekana ileile.

Ngazi ya gia isikuumize kichwa. Kwa Shimano, kampuni inayotengeneza gia, ngazi ya Tiagra inatosha kabisa, na ile ya juu yake, iitwayo 105, ni raha. Kitakachokutatiza wiki ya kwanza ni kwamba mkono wa breki ndio huohuo wa kubadilishia gia. Utafunga breki wakati unataka gia, na kinyume chake. Itapita.

2. Ya changarawe yenye magurudumu ya akiba

Wengi wangeiweka juu. Ina gia nyepesi, usukani mpana, nafasi ya tairi za milimita 40 na zaidi. Ukiivalisha tairi laini za 30 inakimbia vizuri. Mimi naiweka ya pili kwa sababu moja: baiskeli ya vumbi tayari unayo. Yenye meno 40 mbele pia itakuishia gia kwenye mteremko, wenzako wakanyage wewe ukiteleza tu nyuma yao. Kama lami yako imejaa mashimo, au unauza ile ya milimani, basi ipandishe iwe ya kwanza.

3. Iliyotumika, yenye breki za rimu

Breki hizi hubana rimu, yaani ringi ya gurudumu, na bei ya baiskeli yake hushuka sana kwa kuwa dunia imehamia kwenye diski. Pitisha ukucha ubavuni mwa rimu: ukikuta bonde, rimu imelika na ni gharama mpya. Fremu ya kaboni yenye ufa iache hapohapo, hata uambiwe ni mkwaruzo wa rangi. Ujue pia kwamba wakati wa mvua breki hizi huteleza kidogo kabla ya kushika, na tairi nyingi hazitavuka 28.

4. Ya mashindano, mpya, ya kaboni

Nzuri mno. Inunue iwe ya pili.

5. Yenye usukani ulionyooka

Inavutia kwa kuwa ukiipanda unajiona uko nyumbani, na hapo ndipo penye mtego. Usukani wa pembe za beberu, ule uliopinda wa baiskeli za barabarani, hukupa sehemu tatu za kushika. Huu unakupa moja, na baada ya saa mbili viganja vinakufa ganzi. Ukiona hiki ndicho unachotaka, nunua tairi laini, zivalishe kwenye baiskeli uliyo nayo, funga shokapu la mbele, uokoe pesa.

Saizi usihamishe. Fremu ya milimani ni ndefu lakini shingo ya usukani ni fupi, milimita 40 au 50. Ya barabarani fremu ni fupi na shingo hufika 100, halafu usukani wenyewe umejitokeza mbele. Kipimo cha kuja nacho ni urefu kutoka katikati ya krenki, pale pedali zinapozungukia, hadi juu ya siti. Kisha omba kuijaribu dakika 20, mikono ikiwa juu ya vichwa vya breki, pale mikono ya breki inapoanzia kwenye usukani, viwiko vimekunjwa kidogo. Viwiko vikinyooka kama fimbo, ni kubwa kwako.

Pampu itakubidi ununue, kwa sababu ile ya tairi nene hutoa jasho kabla ya kufika paundi 60. Pedali na viatu usinunue. Za milimani, zile ambazo kibati chake hufungwa chini ya kiatu kwa skrubu mbili, zinaingia bila tatizo, na unaweza kushuka ukatembea bila kuteleza kama bata. Mimi bado natumia zilezile, matope ya zamani yakiwa kwenye nyufa.