Lafleur au Gainey: nani aliibeba Montreal?

Montreal Canadiens, timu ya hoki ya barafuni ya Kanada, ilitwaa Kombe la Stanley, taji la NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, mara 4 mfululizo, 1976 hadi 1979. Muulize mpenzi wa hoki ya barafuni siri yao, atakutajia Guy Lafleur. Sawa. Bila helmeti, nywele zikipepea, alifunga mabao 50 au zaidi kwa misimu 6 mfululizo na kustaafu akiwa na 560. Huyo hahitaji wakili.

Wa kutetewa ni Bob Gainey. Mabao 239 katika mechi 1,160. Kwa mshambuliaji, utasema mzigo huo. Lakini kazi yake ilikuwa kumganda winga hatari wa wapinzani: anambana ukutani, anampokonya kisahani (ndicho mpira wa hoki hii), kisha anakimbia nyuma kukaba wakati wenzake wanahema. Bao lililozuiwa haliandikwi ubaoni. NHL ilipoanzisha tuzo ya Selke kwa washambuliaji wanaokaba, mwaka 1978, alizizoa 4 za mwanzo. Na 1979 ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mtoano, Lafleur akiwa timu hiyohiyo!

Tukiwa nyuma kwa bao 1, nipe Lafleur. Tukiongoza na zimebaki dakika 2, aingie Gainey, Lafleur akae benchi anywe maji.