Nyumba ya Forest au ile ya Uyole?

Mdogo wangu anatafuta nyumba ya kununua hapa Mbeya na zimebaki mbili. Ya Forest ni ya zamani, ina hati ya miaka 99, mjini unafika fasta na bajaji, ila bei imesimama na bati limechoka, dari la sebuleni lina madoa ya maji mpaka kwenye kona, na mvua za huku zikianza Novemba ni mpaka Aprili, kwa hiyo hapo hesabu kuezeka upya.

Uyole ni mpya, tofali za kuchoma, uwanja mkubwa, na ukiweka fremu wateja wapo maana njia panda ya Tukuyu iko karibu. Nimeipenda kweli. Shida karatasi, ni mauziano ya serikali ya mtaa tu, halafu ni nyumba ya familia na mke wa muuzaji hajasaini, wakati sheria inataka ridhaa ya mwenza. Hapo nagoma hata ingekuwa nusu bei, bati unabadilisha lakini kesi ya ardhi itamla miaka.

Nimemwambia achukue Forest, ila akafanye kwanza search ya hati ofisi ya ardhi, yaani kukagua mmiliki ni nani kweli, halafu abanane na muuzaji apunguze hela ya bati.