Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni: nenda na mzee

Jamani watu wa Arusha tunapita kipilefti cha Mnara wa Mwenge kila siku, tunaenda mpira Sheikh Amri Abeid, na hapo hapo jirani kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, lile tamko la chama cha TANU la ujamaa na kujitegemea, ila ukiuliza kumi wameingia wangapi utashangaa. Wengine wanachanganya na ile ya Boma, ngome ya Mjerumani ya 1900. Hapana, ile ni ya mambo ya asili, mafuvu na wanyama, hii ni ya siasa.

Ni padogo, nisiwadanganye. Picha na maandishi kwa wingi, ukoloni, TANU, uhuru, Mwalimu. Lakini utamu wenyewe ni jengo, maana lilikuwa ukumbi wa jamii tu na ndo humo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mwisho wa Januari 1967 wakalipitisha Azimio, likatangazwa tarehe 5 Februari na kesho yake tu mabenki yakataifishwa. Yani unasimama humo unajiuliza hivi nchi nzima iligeuziwa hapa? Kwenye kaukumbi haka?

Ushauri wangu, usiende peke yako. Mimi nilienda na mjomba, yeye enzi hizo alikuwa kijana, basi kila picha ana stori yake, mara foleni ya sukari, mara mwaka 1971 majumba ya kupangisha yalivyochukuliwa na Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali ya kuyasimamia, akaja, mpaka wageni wengine wakasogea kusikiliza 😂. Bila yeye ningemaliza haraka sana nikatoka.

Alafu kabla hujaenda tafuta ile miiko ya uongozi iliyo ndani ya Azimio uisome. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. We soma taratibu huku unawapigia hesabu viongozi unaowajua wewe, utacheka mwenyewe. Mjomba hakucheka lakini, alisema tu "ndo maana 1991 kule Zanzibar CCM wakailegeza" akaendelea na picha inayofuata.

Kiingilio Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni. Kama una mtoto wa sekondari anayesoma historia mpeleke, ujamaa wa kwenye notsi na wa humu ni vitu viwili. Ila mdogo wa chekechea atakusumbua, huyo mpeleke Boma akaone wanyama.