Mandhari darasani: rangi za maji au krayoni?

Kwa kuchora anga, rangi za maji hazina mpinzani: lowesha karatasi, paka buluu juu, kisha ivute chini ikififia hadi kwenye upeo. Ila karatasi ya daftari hujikunja na kuchanika. Tafuta karatasi nene, ya gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu, uibane kingo zote kwa selotepu ya karatasi. Kinachoharibu kazi nyingi ni haraka: mtoto anapaka mlima kabla anga halijakauka, kijani kinapanda mawinguni. Subirini dakika 10, hata wakilalamika.

Krayoni hazimwagiki wala hazisubiriwi. Shida ni umbali: watoto hukandamiza kila mahali sawasawa, kilima cha mbali kikakolea kama nyasi za mbele. Mkono mwepesi nyuma, mzito mbele. Kwa walio chini ya miaka 8, anza na krayoni.