Uzoefu wangu na kitabu cha mtihani wa Life in the UK: historia kwanza, maswali baadaye

Kitabu rasmi cha kujiandalia mtihani wa Life in the UK nakipa nyota nne kati ya tano. Apu ya maswali niliyoilipia baadaye naipa mbili. Nawaandikia wenzangu tunaozungumza Kiswahili hapa Uingereza, hasa sisi wa kazi za zamu, kwa sababu naona wengi wanapita njia ya apu peke yake, wanakariri maswali kama kasuku, kisha wanatoka kituoni wamevunjika moyo wakilalamika kwamba waliyoulizwa si yale waliyoyasoma.

Kwa asiyeufahamu, huu ni mtihani wa kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 64 anayeomba ukaazi wa kudumu au uraia. Ulianza mwaka 2005 kwa waombaji wa uraia, na 2007 ukawafikia waombaji wa ukaazi pia. Maswali ni 24, muda ni dakika 45, na kufaulu ni kupata 18. Ada ni pauni 50 kila unapokaa kuufanya. Ukianguka, unasubiri siku saba na kulipa upya. Ukifaulu umefaulu moja kwa moja: matokeo uliyoombea ukaazi utayatumia tena ukifika kwenye uraia, hakuna kurudia.

Kitabu chenyewe ni toleo la tatu, lililotoka mwaka 2013 na kuchapishwa tena mara nyingi tangu hapo. Kina sura tano, na iliyo nzito ni ya historia. Jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni kwamba asikubali kurithishwa nakala ya zamani. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp nakala hizo zinapita mkono kwa mkono, na mtu anapewa kwa nia njema kabisa, lakini Malkia Elizabeth wa Pili alifariki Septemba 2022 na sasa mfalme ni Charles wa Tatu, na Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya Januari 2020. Nunua nakala mpya. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ada ya mtihani.

Sasa historia, maana hapo ndipo watu wanaposhindwa. Ukifungua sura ile mara ya kwanza unaona tarehe zimekuja kama mvua: 1066, 1215, 1348, 1485, 1588, 1605, 1642. Ukijaribu kuzikariri moja moja zitakutoka kabla hujamaliza zamu. Kilichonisaidia ni kuona kwamba karibu sura nzima ni ugomvi mmoja mrefu juu ya nani mwenye kauli ya mwisho katika nchi. Mfalme John analazimishwa na mabwana wakubwa kukubali Magna Carta mwaka 1215, kwamba hata mfalme yuko chini ya sheria. Karne zinapita, Charles wa Kwanza anataka kutawala bila Bunge, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinazuka 1642, na mwaka 1649 mfalme anakatwa kichwa. Nchi inakaa bila mfalme chini ya Cromwell, jemadari wa upande wa Bunge, hadi 1660 mtoto wa yule aliyeuawa anarudishwa kitini. Mwaka 1688 wakubwa wa Kiprotestanti wanamkataa mfalme mwingine, James wa Pili, na kumkaribisha William kutoka Uholanzi. Mwaka unaofuata Sheria ya Haki inapitishwa na mamlaka ya mfalme yanawekewa mipaka. Kuanzia hapo ugomvi unahama. Sasa ni nani anayeruhusiwa kulichagua hilo Bunge: sheria ya 1832 inaongeza wapiga kura, 1918 wanawake wa zaidi ya miaka 30 wanaingia, 1928 wanawake wanalingana na wanaume, 1969 umri unashushwa hadi 18.

Ukiwa na uzi huo mkononi, swali la mwaka 1918 na 1928 halikubabaishi tena, kwa sababu unajua kilichobadilika kati ya miaka hiyo miwili.

Sisi wa pwani tuna bahati katika hili. Mtu aliyekulia Mombasa akisikia wazee wakihadithia Wamazrui na Wabusaidi walivyougombea mji na Fort Jesus yake, hadi Seyyid Said alipoushika mwaka 1837, hawezi kushindwa na vita vya Waridi. Ni koo mbili zinazogombea kiti: Lancaster wenye waridi jekundu na York wenye jeupe. Vita vinaanza 1455 na kumalizika 1485 pale Bosworth, Richard wa Tatu alipouawa na Henry Tudor akawa mfalme, kisha akamwoa binti wa ukoo wa York ili kuziunganisha nyumba mbili. Mimi naishi Leicester, na Bosworth haiko mbali na hapa. Mifupa ya Richard huyo ilifukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari katikati ya mji wetu, na 2015 akazikwa kwa heshima katika kanisa kuu. Nilikwenda kuliona kaburi lake asubuhi moja baada ya zamu ya usiku. Ni jiwe kubwa la rangi ya mchanga lililochongwa msalaba mzito, na nilipokuwa nimesimama pale ukurasa mzima wa kitabu ulikaa kichwani. Tangu hapo nashauri kila mtu atafute kitu cha historia kilicho karibu na anapoishi, aende akakione kwa macho yake. Nchi hii haina mji usio na kitu cha namna hiyo.

Afrika Mashariki imo kitabuni, ila kwa sentensi chache sana. Moja inasema kwamba baada ya utumwa kufutwa mwaka 1833 katika himaya ya Uingereza, wafanyakazi wa Kihindi na Kichina walichukuliwa kwenda mashamba ya miwa ya Karibiani, migodi ya Afrika Kusini na reli za Afrika Mashariki. Basi, imekwisha. Reli yetu ya kutoka Mombasa hadi ziwani, iliyojengwa 1896 hadi 1901, pamoja na waliokufa juu yake, yote imekaa ndani ya maneno hayo machache. Sentensi nyingine inasema kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uingereza iliwapokea watu 28,000 wa asili ya Kihindi waliolazimika kuondoka Uganda.

Hiyo ya pili niliisoma mezani kwa jirani yangu, mzee Mhindi aliyezaliwa Jinja, ambaye mpaka leo ananiamkua kwa Kiswahili na mimi humjibu "Marahaba, baba" pale anaponitangulia kunisalimu kwa mzaha wa upendo. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kuhusu siku 90 alizotoa Idi Amin mwaka 1972, sanduku waliloruhusiwa kubeba, na tangazo ambalo halmashauri ya mji huu huu wa Leicester ililitia katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije huku. Walikuja, na leo nusu ya maduka ninayonunua unga na viungo ni ya watoto wao. Hayo hutaulizwa kwenye mtihani. Lakini nilipoiona tena sentensi ile ilikuwa na uso wa mtu, na sikuhitaji kuikariri idadi.

Nyota moja niliyokipunguzia kitabu inatokana na sehemu ya utumwa na himaya. Kinaeleza vizuri juhudi za mbunge Wilberforce na wenzake waliopinga utumwa, sheria ya 1807 iliyopiga marufuku biashara ya watumwa na ile ya 1833. Masimulizi yake yanaegemea Atlantiki. Anayetoka kwetu anajua kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Seyyid Barghash aliutia saini chini ya shinikizo la Waingereza, na kwamba himaya hiyo hiyo baadaye ilijitwalia nchi zetu. Mwaka 2020 wanahistoria zaidi ya 100 waliandika barua ya wazi wakitaka sura hiyo irekebishwe, na 2022 kamati ya Baraza la Malordi nayo ikaukosoa mtihani wenyewe. Naungana nao kwa moyo wote. Anayekuwa raia anastahili kupewa historia nzima, pamoja na ile iliyomhusu babu yake. Kwa sasa, jibu kwenye mtihani kwa mujibu wa kitabu, kisha wafundishe watoto wako yaliyobaki.

Maisha ya kila siku ni mepesi zaidi, hasa kwa anayefanya kazi na watu. Mimi nahudumia wazee kwenye makao yao, na mambo ya mgao wa chakula wakati wa vita, kuanzishwa kwa NHS, huduma ya afya ya taifa, mwaka 1948 na maua mekundu ya karatasi ya tarehe 11 Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani nilikuwa nimeyasikia kwao kabla sijafungua kitabu. Waulize wazee. Wanafurahi kuulizwa. Yanayohitaji kushikwa ni kama sikukuu za watakatifu wa nchi nne: David wa Wales 1 Machi, Patrick wa Ireland ya Kaskazini 17 Machi, George wa England 23 Aprili, Andrew wa Scotland 30 Novemba.

Na hapo niingie kwenye apu. Jina lake sitaji, kwa kuwa zipo nyingi za aina hiyo. Maswali yake mengi yalikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya manne, wakati mtihani una pia ya kweli au si kweli, ya kuchagua kauli sahihi kati ya mbili, na yale ya kuchagua majibu mawili. Hayo ya mawili ndiyo yanayowaangusha watu. Mathalani: ni katika nchi gani mbili sikukuu ya mtakatifu wao ni siku rasmi ya mapumziko? Scotland na Ireland ya Kaskazini. Ukichagua moja sahihi na nyingine makosa, hupati kitu. Tena apu yenyewe ilikuwa bado inamtaja Malkia kama mtawala, na nilipowaandikia sikujibiwa. Majaribio ni mazuri, yafanye, ila yaje mwishoni, ukishakisoma kitabu chote, ili yakuonyeshe ulipo udhaifu. Ukikosea swali rudi kwenye ukurasa wake, usikariri jibu tu.

Kuhifadhi nafasi fanya kupitia tovuti ya serikali, angalau siku tatu kabla. Kuna tovuti za watu binafsi zenye sura ya kiserikali zinazotoza zaidi ya pauni 50. Ukiona bei nyingine, toka. Majina yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho, na hapa sisi wenye majina matatu tuwe waangalifu: kama pasipoti ina jina la babu, nalo litie, kwa mpangilio ule ule. Siku ya mtihani unakwenda na kitambulisho kile kile ulichotumia kujiandikisha. Kisipolingana hufanyi mtihani na ada hairudi. Utapigwa picha, mifuko itakaguliwa, simu itafungiwa nje. Watoto hawaingii, kwa hiyo wenye wadogo wapange mapema wa kuwaangalia.

Kiswahili hakipo; mtihani ni wa Kiingereza, au Kiwelisi na Kigaeli kwa ombi maalumu. Kwa mama au baba aliyetimiza miaka 65 msimsumbue na kitabu, hatakiwi kuufanya.

Kabla ya kwenda mbali na uraia wenyewe, kila mmoja aangalie sheria ya kwao. Sisi Wakenya katiba ya 2010 inaturuhusu uraia wa nchi mbili. Ndugu zetu Watanzania watu wazima hawaruhusiwi, na wengi ninaowafahamu wanafanya mtihani huu kwa ajili ya ukaazi wa kudumu tu, wakabaki na pasipoti yao. Ukifaulu utapewa namba ya kumbukumbu. Iandike mahali pawili na uihifadhi hata kama maombi yako ni ya mwaka kesho, kwa sababu fomu itaidai.