Kenya Law: hukumu zote bure, shika tu kahawa

Nilikua nalipia app moja ya habari za korti na biashara, jina niweke kando, notifikesheni haziishi lakini ukifungua unapata aya tatu na picha ya nyundo ya jaji. Nikaikata, siku hizi naingia tovuti ya Kenya Law, hukumu ziko hapo bure, na Katiba ya 2010 pia. Kilichonikamata ni kesi ya ile Finance Act ya 2023, yaani sheria ya ushuru, wacha niwaambie, Mahakama ya Rufaa iliitupa sheria nzima tarehe 31 Julai 2024, wiki chache tu baada ya vijana kujaa barabarani kupinga mswada mwingine wa ushuru, alafu 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikasema hapana, sheria nzima sio batili. Wanasiasa walituambia tu nani ameshinda, basi, ila kusoma vile majaji wanabishana kama wananchi waliulizwa maoni vizuri kabla sheria kupitishwa ni utamu mwingine kabisa. Onyo tu, ni ndefu na ni Kizungu cha mawakili, kwa simu macho yatauma. Nyota nne.